Kikundi cha soul cha sauti tano: anzeni na besi, wa mbele aje mwisho

Msimu wa harusi ukikaribia hunijia vijana wanne watano, mashati yamepigwa pasi, simu zimejaa nyimbo, na neno lao ni moja: "Ami, tufundishe tuimbe kama Temptations," yaani kile kikundi cha soul cha Marekani. Nikiwauliza nani anaimba sauti gani, wananionyesha mmoja. Huyu ndiye wa mbele. Na nyinyi wengine? Sisi twamsaidia. Basi huwapa kahawa, tukazungumza habari za mpira, halafu nikawaambia warudi wiki ijayo bila huyo wa mbele.

Sina chuki na waimbaji wa mbele. Mimi ni besi, mwenye sauti ya chini kabisa, nimesimama nyuma yao kwenye bendi za hoteli kuanzia Nyali hadi Shanzu, na wengi walikuwa watu wazuri. Lakini soul ya vikundi, muziki wa Wamarekani weusi, ile ya Detroit, Chicago na Philadelphia ya miaka ya 1960 na 1970, haikuwa ya mtu mmoja na wasaidizi wake. Ilipangwa kutoka chini, ikaja katikati, ikapanda juu, na nafasi ya mbele akapewa yule ambaye sauti yake inaufaa wimbo ule. Haya ndiyo ninayowafundisha vijana juu ya paa la nyumba huku Tudor, na nitayaeleza kwa mpango huohuo wa kutoka chini.

Besi kwanza

Mwenye sauti nyembamba ya kupaa hatafutwi, hujileta mwenyewe. Besi hutafutwa. Mvulana wa miaka 17 anayejiita besi mara nyingi ni baritoni, sauti ya kiume ya katikati, anayeikaza shingo, kwa hivyo msimkubali kwa maneno. Mimi nimewapata kwenye kwaya za makanisa, kwenye vikundi vya kaswida, na mmoja nilimsikia stejini akiita abiria wa Mtwapa, nikamfuata mpaka akadhani namdai.

Mpimeni hivi. Mpeni do inayomkaa vizuri kifuani, kisha ateremke polepole: ti, la, so, fa. Atafika mahali sauti inageuka pumzi tupu. Pandeni noti mbili kutoka hapo, na hiyo ndiyo sakafu yake ya kazi, msimuombe ashuke zaidi ya hapo mbele ya watu. Jaribio la pili ndilo zito. Ashike noti moja, na mwenzake aimbe noti nyingine karibu kabisa na sikio lake. Akivutwa akaifuata ya mwenzake, bado hajawa tayari, hata awe na sauti ya kutikisa madirisha.

Temptations walikuwa na Melvin Franklin. Manhattans walikuwa na Winfred Lovett, yule anayezungumza mwanzo wa Kiss and Say Goodbye ya 1976 kabla Gerald Alston hajaanza kuimba. Mabesi hawa wawili wa vikundi viwili tofauti walikuwa na jina moja la utani, Blue. Wazee wengi wa Mombasa ninaowajua hawawezi kukwambia mshororo wa pili wa wimbo wa Manhattans, lakini yale maneno ya Lovett wanayaiga neno kwa neno, na mkono wakauweka kifuani.

Baada ya besi tafuteni watu wawili wa katikati, tenori wa kawaida na baritoni. Hawa wawili hakuna atakayewapigia makofi, na bila wao kikundi kinasikika kama meza ya miguu miwili. Wa nne ni yule wa juu, mwenye sauti ya kichwani. Eddie Kendricks alikuwa na kazi hiyo katika Temptations, na Russell Thompkins Jr. katika Stylistics.

Wa tano, kama mnaweza, awe msichana. Vijana hunishangaa nikisema hivi, maana picha wanazoziona ni za wanaume watupu wenye suti. Sikilizeni basi zile rekodi za Four Tops. Picha ina wanaume wanne, lakini nyuma yao studioni, katika nyimbo zao nyingi, walisimama wanawake watatu walioitwa Andantes: Jackie Hicks, Marlene Barrow na Louvain Demps. Majina yao hayakuwekwa kwenye jalada. Ule mng'aro wa juu mnaoutafuta kwa wiki nzima na hamuupati ni wao. Wanaume wanne peke yao hawautoi.

Kusikiliza kwa sikio moja

Kabla ya kuimba, sikilizeni, na msisikilize kwa spika ndogo ya bluetooth maana inachanganya kila kitu pamoja. Tumieni visikizi vya masikioni, na mhakikishe simu haijawekwa kwenye mono, yaani masikio yote mawili kusikia kitu kimoja. Wahandisi wa miaka ya 1960 walipokuwa wakianza kuzoea stereo, mara nyingi walitupa ala upande mmoja na sauti upande mwingine. Vaeni cha kulia peke yake, halafu cha kushoto peke yake. Kuna nyimbo utazivaa hivyo ukawasikia waitikiaji wamekaa peke yao kama chumba cha pili, wa mbele akiwa mbali. Huo ndio mlango wenu wa kuingilia.

Kila mtu asikilize sauti yake tu. Besi asijue maneno ya wa mbele wiki ya kwanza, hayamhusu. Aandike kwa solfa, yaani do, re, mi, anachosikia chini, hata kama ni noti tatu zinazorudiwa wimbo mzima. Na aangalie asidanganyike na gitaa la besi. Kwenye rekodi nyingi za Motown, kampuni ya rekodi ya Detroit, aliyelipiga ni James Jamerson, na mambo yake ni ya vidole, koo haliyawezi. Besi wa sauti anahitaji noti chache kati ya zile.

Wimbo wa kujifunzia ninaoupenda ni My Girl, uliotoka mwisho wa 1964. Gitaa la Robert White linapanda do, re, mi, so, la, do, na mtoto yeyote aliyepita kwenye kwaya ya shule anaweza kuliimba. Msiwe na kinanda. Besi aimbe zile noti chache za mwanzo, tenori aimbe gitaa, na wengine wasubiri. Mkiweza kuushikilia mwanzo huo bila kukimbia wala kuzubaa, mna kikundi. Jihadharini na kitu kimoja: baada ya sehemu ya fidla, ubeti wa mwisho unapanda kii, yaani do yenyewe inahama, hatua nzima, kutoka C hadi D. Hapo ndipo vikundi vinapovunjika harusini, kila mtu amepanda kivyake.

Kugawa sauti tatu za juu

Wengi hukwama hapa, na mwalimu wa kwaya akiwa mbali wanaanza kubahatisha. Chukueni mwendo huu mfupi muuimbe hata siku kumi mfululizo, mpaka majirani waujue.

Wimbo wenyewe ukiwa kwenye mi, wa juu ashike so na wa chini ashike do. Wimbo ukipanda fa, wa juu aende la, na wa chini abaki palepale kwenye do. Wimbo ukishuka re, wa juu arudi so, na wa chini ateremke ti. Besi chini yao aimbe do, kisha fa, kisha so. Halafu wote warudi nyumbani walikoanza. Mtaona kwamba kila mtu anasogea kidogo sana isipokuwa besi, ambaye anaruka. Ndivyo inavyotakiwa. Wa katikati akiruka sana, jueni amepotea anatafuta wimbo.

Anzeni kwa "uu" ya mdomo mdogo. "Uu" husamehe mengi. Mkishaungana hapo, nendeni "oo", na "aa" iwe ya mwisho, maana "aa" inafungua kila kasoro. Waswahili tuna bahati, irabu zetu zimenyooka. Balaa huja tukiimba Kiingereza cha Wamarekani, ambacho irabu moja huanzia pengine ikaishia pengine. Kubalianeni mapema: katika neno la mwisho la kila mstari mtashika irabu ipi, na konsonanti ya mwisho itafungwa na nani. Mimi humpa baritoni kazi hiyo. Akifunga mdomo, wote wafunge. Watano wakitamka "s" kila mmoja kwa wakati wake, ukumbi mzima unasikia mafuta ya moto.

Kama mko watatu tu, msikate tamaa, na msiige kikundi cha watano. Igeni Impressions wa Chicago. Walipobaki Curtis Mayfield, Fred Cash na Sam Gooden, walibuni namna ya kupeana mistari: huyu anaanza, yule anamalizia, halafu wote watatu wanakutana neno la mwisho. Mayfield alijifundisha gitaa mwenyewe na akalifunga nyuzi kwa kufuata vile vitufe vyeusi vya piano. Ndiyo maana mpiga gitaa wenu akijaribu kulifuata kwa kufunga kwa kawaida atahangaika. Mwambieni asihangaike, apige machache na awaachie nafasi.

Kuitikia

Hapa nitakaa kidogo, maana Mombasa tunadhani tunajua kuitikia na kweli tunajua, ila kwa namna yetu. Katika taarabu ya chakacha tuliyokulia, ya kina Zuhura Swaleh na Maulidi Musical Party, waitikiaji kwa kawaida hulipokea lile neno na kulirudisha, na utamu uko katika kurudisha. Vijana wangu wakianza soul hufanya hivyohivyo, kila anachosema wa mbele wanakirudia. Baada ya dakika moja unachoka.

Sikilizeni Gladys Knight na Pips kwenye Midnight Train to Georgia, wimbo uliofika namba moja Marekani mwaka 1973. Pips ni kaka yake, Merald, na binamu zao Edward Patten na William Guest. Jina la kikundi lilitoka kwa binamu mwingine aliyeitwa Pip. Ni jamaa wa damu, na kwenye wimbo wanafanya kazi ya jamaa. Gladys anasimulia habari za mwanamume aliyekwenda Los Angeles kutafuta umaarufu, mambo yakamshinda, sasa anarudi kwao, naye ameamua kumfuata. Pips hawakai kimya wala hawamwigi. Wanaongezea, wanakubali, wanatilia mkazo, hata mlio wa treni wanaupiga kwa midomo. Ukiwaondoa, unabaki na hadithi ya mtu mmoja. Wakiwepo, ni kikao cha ukoo.

Kuna mfano mwingine ulio wazi zaidi kwa sababu wimbo ni mmoja na rekodi ni mbili. Otis Redding aliandika na kurekodi Respect mwaka 1965. Mwaka 1967 Aretha Franklin akaurekodi yeye, na dada zake Carolyn na Erma wakamwitikia kwa maneno ambayo Otis hakuwa nayo. Zisikilizeni moja baada ya nyingine. Kwa Otis ni mwanamume anayeomba. Kwa Aretha, nyuma yake wamesimama dada wawili, na hakuna anayeomba tena.

Zoezi langu ni la Kiswahili, maana mtu hujifunza kuitikia kwa lugha anayogombania nayo. Wa mbele aimbe mstari wowote wa habari, kwa mfano: "Ameondoka na treni ya usiku." Waitikiaji hawaruhusiwi kusema "treni ya usiku." Waseme kitu kipya: "Hata mlango hakufunga." Wa mbele: "Sikumwambia neno baya." Wao: "Twalisikia sote." Hapo wanacheka, na wakicheka wameshaelewa kwamba muitikiaji ana maoni yake. Kuna kikundi cha wasichana wa Majengo walikuwa wakimsuta wa mbele wao mpaka mimi mwenyewe nikawa nasubiri watasema nini.

Kisha wekeni kanuni ya pumzi. Waitikiaji waingie wa mbele akishatoa silabi ya mwisho, na wawe wamemaliza kabla hajavuta pumzi ya mstari unaofuata. Akitaka kuwakanyaga katika ubeti wa mwisho, sawa, lakini wao wasimkanyage.

Kii ya kwenu, si ya rekodi

Levi Stubbs wa Four Tops alikuwa baritoni. Watungaji wao, Holland, Dozier na Holland, walimwandikia nyimbo juu ya pale anapostarehe, makusudi, ili asikike kama mtu anayesihi. Alikuwa na koo la kuistahimili kazi hiyo. Kijana wenu ana harusi Ijumaa, nyingine Jumamosi, na hoteli Jumapili mchana. Akijisukuma namna ile, Jumapili atafungua mdomo itoke hewa.

Kwa hivyo teremsheni. Chukueni noti ya juu kabisa ya wimbo, mwimbaji wenu aiimbe mara tano mfululizo akiwa ametulia. Ya tano ikiwa ngumu kuliko ya kwanza, shusheni kii nusu hatua mjaribu tena. Mkishashusha, mrudieni besi, maana sasa yeye ndiye anayeweza kuwa amezama chini ya sakafu yake. Mara nyingi dawa ni kumpandisha yeye noti zake za chini kabisa kwa oktava, yaani kutoka do hadi do ya juu yake.

Koo lenyewe lina mambo machache. Maji ya kawaida, si ya barafu. Tangawizi ni nzuri. Muguka hapana, hata kama kila mtu mtaani anatafuna, unakausha koo na kumfanya mtu adhani anaimba vizuri.

Mahali na wakati

Paa ni zuri kuanzia baada ya Alasiri. Adhana ya Magharibi ikianza tunanyamaza, na kwa kawaida huo ndio mwisho wa mazoezi. Ramadhani tunapumzika. Kusi ikianza kuvuma, upepo unachukua kila kitu, humsikii hata aliye ubavuni mwako, basi tunashuka kwenye ngazi za jengo. Vikundi vya Marekani vya miaka ya 1950 vilikuwa vikifanya hivyohivyo, vikajificha kwenye ngazi na korido kwa sababu ya mwangwi. Mwangwi unafunza kuchanganya sauti. Haufai kwa kujipima, maana ngazi inamsifu kila mtu.

Kujipima, simameni duara, wekeni simu katikati juu ya ndoo iliyopinduliwa, mrekodi ubeti mmoja. Msiguse simu. Anayesikika zaidi arudi nyuma hatua moja, asiyesikika asogee. Rekodini tena. Hivyo ndivyo watu walivyopanga sauti zao enzi za maikrofoni moja, kwa miguu. Mkishajua nafasi zenu, zikumbukeni, maana ukumbini mafundi wa sauti hawana muda na nyinyi.

Miguu

Motown ilikuwa na watu wa kufundisha kila kitu. Maurice King alishika muziki, Maxine Powell alishika adabu na mwendo, na miguu ikashikwa na Cholly Atkins, mchezaji wa zamani wa tap, ule mchezo wa kugonga sakafu kwa viatu, aliyekuwa ameshazunguka majukwaa kabla vijana wale hawajazaliwa. Kabla yake, katika Temptations, hatua nyingi zilibuniwa na Paul Williams, ambaye ni mmoja wao.

Siri ya Atkins iko wazi ukitazama picha za zamani: hatua zinaondoka kwenye maikrofoni mdomo ukiwa kimya, na zinarudi pumzi moja kabla ya kuimba. Basi pangeni miguu baada ya sauti, na muipange kwenye mapengo. Chezeni hatua bila kuimba, kwa hesabu ya nane, mkialisha vidole. Halafu imbeni mmesimama. Kisha unganisheni taratibu, nusu ya mwendo wa kawaida. Msicheze kwenye mchanga wa hoteli kwa viatu vya ngozi. Meneja akisema ni ufukweni, ombeni mbao.

Nguo zisiwe suti za sufu. Mombasa hii, kaskazi ikikatika, jasho linaingia machoni. Nendeni Biashara Street mkanunue kitambaa chepesi cha pamba cha rangi moja, mpelekeeni fundi mmoja awashonee wote. Mkitafuta suti tano zinazofanana kwenye mitumba ya Kongowea mtatembea mpaka muache kuimba.

Sasa wa mbele

Mkishafika hapa, mna sauti tano zinazojitegemea, na ndipo mmuite yule mliyeniletea siku ya kwanza. Aimbe kila wimbo. Halafu na wengine waimbe kila wimbo. Sikilizeni kwenye simu siku ya pili, mkiwa mmetulia.

David Ruffin aliingia Temptations Januari 1964. Kabla yake waliokuwa wakiongoza zaidi ni Kendricks na Paul Williams. Smokey Robinson, mtungaji wa Motown, ndiye aliyemsikia Ruffin akapata fikra ya kumtungia My Girl yeye na mwenzake Ronald White, na huo ukawa wimbo wao wa kwanza kufika namba moja Marekani, Machi 1965. Baadaye Ruffin akataka jina lake litangulie mbele ya la kikundi, na mwaka 1968 wakamwondoa. Mwaka uliofuata, Dennis Edwards akiwa ameshachukua nafasi yake, wakatoa I Can't Get Next to You, ambao wote watano wanapokezana kuongoza, na nao ukafika namba moja. Hadithi hiyo huwasimulia hasa wanaokuja na jina la kikundi lenye jina la mtu mmoja.

Kama wawili wanagombania, wapeni You Make Me Feel Brand New wa Stylistics. Airrion Love anaanza kwa baritoni, Thompkins anaupokea juu kwa sauti ya kichwani, na kila mmoja anahitaji mwenzake afanye vizuri ili yeye asikike. Ugomvi mwingi huishia hapo. Usipoisha, mmoja wao si wa kikundi.

Pesa nazo zipangwe kabla ya shoo ya kwanza. Mafungu sawa, pamoja na nauli, na nusu iingie kwenye M-Pesa ya mweka hazina kabla hamjapanda gari. Mwenye harusi ya Diani atawaambia njooni tutaelewana. Msivuke Likoni kwa maneno.

Mpangilio wa usiku na mwisho wa wimbo

Hadhira ya hapa, kwa maoni yangu, haipendi kuanzishwa kwa kishindo. Wakati wa chakula imbeni za polepole, Stylistics, Manhattans, kitu cha Impressions. Sahani zikishaondolewa ndipo mlete za Four Tops. Nyimbo nne zilizoiva zinatosha kwa kipindi kimoja. Kumi za kubahatisha zitawaaibisha mbele ya wazee waliozisikiliza redioni tangu ujana wao, na wazee wale wakikosewa neno moja wanageuka kutazama ukuta.

Mkifika ukumbini, mwambieni fundi wa sauti mambo mawili tu: apunguze gitaa la besi mpaka besi wa sauti asikike, na aondoe mwangwi kwenye maikrofoni za waitikiaji. La tatu hatalikumbuka.

Na andaeni mwisho. Rekodi nyingi za wakati ule hazina mwisho, fundi wa studio alikuwa akipunguza sauti taratibu huku bendi ikiendelea. Jukwaani hakuna wa kuwapunguza. Nimeona vikundi vizuri vikizunguka kwenye kiitikio kama gari la Makupa lililokosa nafasi, kila mmoja akimtazama mwenzake amalize. Pangeni hivi: wa mbele akiinua mkono, mstari wa mwisho unarudiwa mara tatu. Mara ya kwanza kamili. Mara ya pili bila ala. Mara ya tatu wa juu watatu washike, besi ateremke peke yake, so, fa, mi, re, na wote wakutane naye kwenye do, baritoni afunge. Mpiga ngoma akiwa na hamu ya kuongeza mapigo yake baada ya hapo, mwambieni hapana, na mwambieni mapema kabla hamjapanda.